Kufundisha Anatomia kwa Programu Shirikishi za Kompyuta: Somo la Neva ya Siatiki na Sindano ya Tako

Utangulizi

Anatomia ni elimu ya mahali. Humweleza tabibu, muuguzi na mkunga kiungo kipo wapi, kimepakana na nini, na kitu gani hupita juu yake au chini yake. Mtu anaweza kukariri majina ya mifupa na misuli yote ya nyonga, na bado asijue sindano aliyoishika itapenya tabaka zipi kabla ya kufika inakokwenda. Tofauti kati ya kujua jina na kujua mahali hujitokeza katika kazi ya kila siku ya zahanati, na wakati mwingine hujitokeza katika mguu wa mgonjwa.

Kwa karne nyingi elimu hii ilifundishwa kwa vitu viwili: mwili wa maiti uliopasuliwa mezani na kitabu chenye michoro. Andreas Vesalius alichapisha kitabu chake kikubwa cha anatomia mjini Basel mwaka 1543. Henry Gray alichapisha chake London mwaka 1858, kikiwa na michoro ya daktari mwenzake, Henry Vandyke Carter. Vitabu vya aina hiyo vimewalea matabibu kizazi baada ya kizazi, lakini vina upungufu mmoja usioepukika: ukurasa ni bapa, ilhali mwili una kina.

Tangu miaka ya 1990 zimeenea programu za kompyuta zinazounganisha picha za pande tatu, sauti, video, maandishi na maswali. Mwanafunzi huweza kuugeuza mwili, kuondoa ngozi, kuficha msuli, kufuata njia ya neva moja tangu chanzo hadi mwisho, kisha kujipima. Katika makala haya zinaitwa programu shirikishi, kwa kuwa humtaka mwanafunzi atende jambo na humjibu kulingana na alichotenda.

Makala haya yanaeleza programu hizo zilipotoka, kile zinachokifundisha vizuri, na pale zinapokoma. Ili maelezo yasibaki hewani, somo moja kamili limetolewa kama mfano: neva ya siatiki na uchomaji wa sindano ya tako. Somo hilo limechaguliwa kwa sababu linamhusu mtoa huduma anayechoma sindano na mgonjwa anayechomwa.

Mwili ulioingizwa katika kompyuta

Mchango mkubwa katika kazi hii ulitolewa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoanzisha mradi wa kupiga picha mwili mzima wa binadamu kutoka utosini hadi unyayoni. Kazi yenyewe ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Colorado. Mwili wa mwanamume mmoja uligandishwa kwa baridi kali, ukaondolewa tabaka moja baada ya jingine, kila tabaka likiwa na unene wa milimita 1, na kila uso mpya uliojitokeza ukapigwa picha ya rangi. Picha hizo, 1,871 kwa jumla, zilitolewa mwaka 1994. Mwaka 1995 zilifuata picha za mwili wa mwanamke, ambazo tabaka zake zilikuwa na unene wa milimita 0.33, na idadi yake ikazidi 5,000. Kabla ya kukatwa, miili hiyo ilipigwa pia picha za CT na MRI.

Kompyuta huzipanga picha hizo moja juu ya nyingine, kama slesi zinavyorudishwa pamoja kuwa mkate mzima. Baada ya hapo kila kiungo huchorwa mipaka yake na kupewa jina, na mwili uliokatwa hupata umbo tena. Sasa mtu anaweza kuukata upande wowote anaotaka, na kwa kubofya mara moja ukarudi kuwa mzima. Jambo hilo haliwezekani katika meza ya maiti, kwa kuwa msuli ukishakatwa umekatwa.

Kuna mambo yanayopasa kukumbukwa kuhusu miili hiyo miwili. Mwanamume alikuwa mfungwa aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama katika jimbo la Texas mwaka 1993, naye alikuwa amekubali mwili wake utumike kwa sayansi. Katika uhai wake alikuwa ameondolewa kidole tumbo na korodani moja. Mwanafunzi atakayetafuta kidole tumbo katika picha zake hatakiona, hata kama programu ni bora kiasi gani. Mwanamke alikuwa na umri wa miaka 59, hivyo tumbo lake la uzazi na ovari zake havionyeshi hali ya mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Nchi nyingine, zikiwemo Korea Kusini na China, zilitengeneza baadaye mikusanyo yao kwa kutumia miili ya watu wao.

Fundisho ni kwamba nyuma ya umbo safi linalozunguka kwenye skrini kuna mtu halisi, mwenye historia na makovu yake. Kwanza, anastahili heshima ileile inayopewa maiti mezani. Pili, yeye ni mtu mmoja, na mtu mmoja si watu wote.

Kinachofundishwa vizuri na programu

Nguvu ya programu shirikishi ni kuonyesha kina na ujirani. Msuli mkuu wa tako ukifichwa kwa kubofya, kilicho chini yake huonekana; ukirudishwa, mwanafunzi huelewa kwa nini hakukiona. Mwendo huo wa kufunika na kufunua, unaorudiwa mara nyingi kwa mikono ya mwanafunzi mwenyewe, hujenga akilini ramani ambayo mchoro mmoja hauwezi kuijenga kwa urahisi.

Hata hivyo, wingi wa picha peke yake si elimu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, walipochunguza mwanzoni mwa miaka ya 2000 namna wanafunzi wanavyojifunza mifupa ya kifundo cha mkono kwa kompyuta, walionyesha kwamba kukitazama kitu kutoka pembe nyingi huchangia kidogo tu. Pembe chache zilizo muhimu, kama mbele na nyuma, ndizo hubeba sehemu kubwa ya mafunzo, na mtu mwenye udhaifu wa kukisia maumbo akilini anaweza kuchanganyikiwa picha inapozunguka bila kikomo. Kwa hiyo mwalimu anayezungusha mwili kwenye skrini kwa dakika kumi mfululizo hujifurahisha kuliko anavyofundisha.

Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameeleza kwa muda mrefu namna maneno na picha vinavyosaidiana. Picha ikiambatana na maelezo ya sauti, mwanafunzi hutumia macho kwa picha na masikio kwa maneno. Picha hiyohiyo ikijazwa maandishi yanayorudia kile kinachosemwa, macho hugawanyika kati ya kazi mbili. Mapambo, muziki na rangi zisizo na maana huondoa umakini badala ya kuuongeza.

Jambo la tatu ni kujipima. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma walikihifadhi vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena. Waliosoma tena walijiona wanajua, na hapo ndipo penye hatari. Mwanafunzi wa anatomia anayeyatazama majina yakiwa yameandikwa juu ya picha huamini kwamba anayajua. Majina yakifutwa, ukweli hudhihirika.

Kutokana na hayo, mwalimu wa programu shirikishi anaweza kushika kanuni tatu: pembe chache zilizochaguliwa kwa makusudi, sauti ya mwalimu badala ya skrini iliyojaa maandishi, na swali kutangulia jibu.

Somo la mfano: neva ya siatiki

Neva ya siatiki ndiyo neva nene kuliko zote mwilini. Inapoanza huweza kufikia upana wa sentimita 2. Mizizi yake hutoka katika sehemu ya chini ya uti wa mgongo, kuanzia mzizi wa nne wa kiuno hadi wa tatu wa sakramu. Hutoka ndani ya fupanyonga, hupita chini ya msuli mdogo uitwao piriformi, hufunikwa na msuli mkuu wa tako, kisha hushuka nyuma ya paja. Kabla ya kufika nyuma ya goti kwa kawaida hugawanyika matawi mawili. Moja huendesha hasa misuli ya nyuma ya mguu. Jingine hunyanyua unyayo.

Sindano ikiijeruhi neva hii, au dawa ikimwagwa ndani yake au kando yake, mgonjwa huweza kupata maumivu makali yanayoshuka hadi mguuni, ganzi, na udhaifu wa misuli. Dalili inayojulikana zaidi ni unyayo kushindwa kunyanyuka, hata mgonjwa akawa anauburuta anapotembea. Watoto na watu waliokonda wamo hatarini zaidi kwa sababu msuli unaoikinga neva ni mwembamba. Wapo pia wagonjwa wanaochomwa mara nyingi: mtoto mwenye homa ya baridi yabisi iliyoathiri moyo huhitaji sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, nayo ni dawa nzito inayoingizwa katika msuli mkubwa. Mtoto huyo akichomwa vibaya mara moja, ataogopa kurudi, na kutorudi kutaugharimu moyo wake.

Somo lifuatalo linafaa kwa kikundi cha watu sita hadi wanane, kompyuta moja na projekta au televisheni, kwa muda wa saa moja.

Hatua ya 1: Swali kabla ya picha. Kila mshiriki apewe karatasi yenye mchoro mtupu wa kiuno, tako na paja kwa nyuma. Achore njia ya neva ya siatiki kama anavyoijua, kisha atie alama pale ambapo angechoma sindano. Karatasi zikusanywe bila kusahihishwa.

Hatua ya 2: Mifupa kwanza. Programu ionyeshe mifupa mitupu ya nyonga na paja, kwa upande wa nyuma na ubavuni tu. Zitafutwe alama nne: ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, ncha ya mbele ya mfupa huo, nundu kubwa ya nje ya fupapaja, na mfupa wa kukalia. Kila alama inapotajwa, kila mshiriki aipapase mwilini mwake mwenyewe juu ya nguo. Alama isiyopapaswa haijajulikana bado.

Hatua ya 3: Ongeza neva. Mwalimu aonyeshe neva peke yake juu ya mifupa, na washiriki waeleze kwa maneno yao inapita kati ya alama zipi. Jibu linalotafutwa ni kwamba, inaposhuka kuelekea pajani, hupita takriban katikati ya mfupa wa kukalia na nundu kubwa ya nje ya fupapaja.

Hatua ya 4: Funika. Irudishwe misuli mmoja mmoja, kuanzia ule wa ndani. Msuli mkuu wa tako ukirudishwa, neva hutoweka kabisa. Baada yake irudishwe ngozi. Hapa mwalimu anyamaze kidogo ili washiriki watambue kwamba hiki ndicho wanachokiona kazini: ngozi pekee.

Hatua ya 5: Choma na ufunue. Kila mshiriki aweke kishale cha kipanya juu ya ngozi mahali ambapo angechoma. Kishale kikiwa hapohapo, tabaka ziondolewe moja baada ya nyingine hadi mfupani, ili kila mtu aone sindano yake ingekutana na nini. Baada ya hapo karatasi za mwanzo zirudishwe, na kila mmoja ajisahihishe.

Katika hatua hii hujitokeza kosa ambalo chanzo chake ni lugha. Wafanyakazi wengi wa afya wamefundishwa kuchoma katika robo ya juu ya nje ya tako. Kanuni hiyo huhesabu eneo lote kuanzia ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga hadi mkunjo wa chini ya tako. Lakini katika Kiswahili cha kawaida neno tako huleta akilini ile nyama ya mviringo inayokaliwa. Mtu akiigawanya nyama hiyo peke yake katika robo nne, robo ya juu ya nje huangukia chini sana na karibu mno na neva. Ametii kanuni kwa maneno na kuivunja kwa mkono. Maelezo ya mdomo hayalisahihishi kosa hili kwa urahisi. Kishale kwenye skrini, kikifuatwa tabaka kwa tabaka, hulifichua kwa dakika moja.

Hatua ya 6: Rudi kwenye mwili. Skrini izimwe. Washiriki wajizoeze kutafuta eneo la ubavu wa nyonga, ambalo vitabu vingi vya uuguzi hulipendelea leo kwa sababu liko mbali na neva na mishipa mikubwa ya damu. Mgonjwa hulala kwa ubavu. Kiganja huwekwa juu ya nundu kubwa ya nje ya fupapaja, mkono wa kulia ukitumika kwa nyonga ya kushoto na wa kushoto kwa nyonga ya kulia. Kidole cha shahada huelekezwa kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, na kidole cha kati hupanuliwa kuelekea nyuma kufuata ukingo wa juu wa mfupa huo. Sindano huchomwa katikati ya pembetatu iliyo kati ya vidole hivyo viwili. Mshiriki asitamke kwamba ameelewa, aonyeshe.

Ikumbukwe pia kwamba mtoto mchanga hachomwi takoni. Chanjo za msuli kwa watoto wachanga hutolewa kwenye paja, upande wa mbele kuelekea nje, katika theluthi ya kati.

Hatua ya 7: Baada ya wiki moja. Washiriki wapewe tena mchoro mtupu uleule, bila kufungua programu. Tofauti kati ya mchoro huu na wa kwanza ndiyo kipimo cha somo. Kama hakuna tofauti, somo lilikuwa burudani.

Programu kati ya mtoa huduma na mgonjwa

Programu shirikishi zina kazi nyingine ambayo haitajwi mara nyingi: kuwapatanisha mtoa huduma na mgonjwa juu ya maana ya maneno. Neno mshipa ni mfano mzuri. Mshipa wa damu ni mshipa. Mshipa wa fahamu, yaani neva, ni mshipa. Kano inayounganisha msuli na mfupa nayo huitwa mshipa. Na wapo wanaoita ngiri au busha mshipa vilevile. Bibi akifika zahanati na kusema mshipa umemvuta tangu kiunoni, anaweza kuwa anaeleza neva, kano au msuli. Vivyo hivyo tumbo huweza kuwa mfuko wa chakula, eneo lote chini ya kifua, au mimba. Na mguu huanzia pajani na kuishia vidoleni.

Watu wawili wanaweza kuzungumza kwa dakika kumi kwa neno moja huku kila mmoja akiwa na kiungo chake akilini. Simu au kishikwambi chenye picha ya mwili hupunguza hatari hiyo. Mtoa huduma humwomba mgonjwa aonyeshe: “Bibi, maumivu yanaanzia hapa au hapa? Yanashuka kufuata njia gani?” Mgonjwa akipitisha kidole nyuma ya paja hadi ubavuni mwa mguu na juu ya unyayo, ametoa maelezo ambayo neno mshipa halikuyabeba. Naye mtoa huduma akimwonyesha neva ilipo, mgonjwa huelewa kwa nini ameulizwa kama unyayo unanyanyuka, ingawa yeye alikuja kulalamikia kiuno.

Katika matumizi haya picha iwe rahisi. Mgonjwa hahitaji kuona mishipa yote kwa mara moja. Aonyeshwe kiungo kimoja na majirani wake wawili au watatu, na aombwe kueleza alichoelewa. Picha za viungo vya uzazi zionyeshwe kwa faragha na kwa idhini yake.

Mambo ambayo kila mgonjwa anapaswa kuyajua kuhusu sindano ya tako

Mosi, mgonjwa anayo haki ya kuuliza kama dawa hiyo inapatikana kwa vidonge. Wapo wanaodai sindano kwa kuamini kwamba ina nguvu zaidi. Kwa maradhi mengi imani hiyo haina msingi, na sindano isiyohitajika ni hatari isiyo na faida.

Pili, ikiwa wakati wa kuchomwa anasikia maumivu makali kama ya umeme yakishuka mguuni, aseme papo hapo. Mtoa huduma asiendelee kusukuma dawa, aichomoe sindano.

Tatu, iwapo baada ya sindano mguu una ganzi, hauna nguvu, au unyayo haunyanyuki, arudi kituoni mara moja bila kungoja hali ipoe yenyewe. Uchunguzi wa mapema, mazoezi ya viungo na kifaa cha kuushikilia unyayo huweza kumsaidia wakati neva ikipona, ingawa uponaji hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Nne, mtoto anayepooza mguu au mkono ghafla apelekwe kituoni siku hiyohiyo, hata kama familia inaamini chanzo ni sindano. Kila mtoto mwenye umri chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla kwa ulegevu huchunguzwa na kutolewa taarifa, kwa sababu hali hiyo huweza kuwa polio.

Mipaka ya programu

Programu haina mkono. Haifundishi ugumu wa kano, ulaini wa mafuta, wala namna ngozi ya mzee inavyotofautiana na ya mtoto. Mwanafunzi aliyejifunza kwa skrini pekee huweza kutambua neva iliyopakwa rangi ya manjano, lakini akashindwa kuitambua mezani, ambako neva, kano na mshipa wa damu uliokwisha damu vyote huelekea kufanana.

Programu hupenda mwili uliosafishwa. Katika nyingi mafuta yameondolewa ili misuli ionekane vizuri. Katika mwili hai, tabaka la mafuta takoni huweza kuwa nene kiasi kwamba sindano fupi haiufikii msuli kabisa, na dawa hubaki mahali isipokusudiwa. Mwanafunzi asipoelezwa hili, skrini itakuwa imemdanganya kwa kunyamaza.

Tena, programu huonyesha kawaida na kuficha tofauti. Kwa watu wengi neva ya siatiki hupita nzima chini ya msuli piriformi. Kwa wachache neva hugawanyika mapema, na tawi lake moja hupenya katikati ya msuli huo. Anayefundishwa umbo moja tu atalishangaa la pili, na mshangao huo humkuta akiwa na kisu au sindano mkononi. Kwa sababu hiyo meza ya kupasulia, picha za X-ray na ultrasaundi, na wagonjwa wenyewe havijapoteza nafasi yao. Programu humwandaa mwanafunzi kuvifikia akiwa na ramani; haichukui mahali pake.

Vifaa na lugha

Chuo au kituo kisicho na fedha nyingi hakilazimiki kununua programu ghali. Zipo za bure, kama mkusanyo wa maumbo ya viungo wa BodyParts3D uliotengenezwa Japani, na programu ya Z-Anatomy iliyojengwa juu ya kazi hiyo. Faili zikishapakuliwa mahali penye intaneti, picha za hatua muhimu zinaweza kuhifadhiwa kama slaidi na kutumika mahali ambako mtandao ni dhaifu au umeme hukatika. Kompyuta moja inayotumiwa na kikundi kinachojadiliana hufundisha zaidi ya kompyuta nane zinazotazamwa kwa ukimya.

Lugha ndiyo kazi iliyobaki kwa wasemaji wa Kiswahili wenyewe. Majina katika programu nyingi ni ya Kiingereza au Kilatini. Wanafunzi wa udaktari huyahitaji majina hayo, kwa kuwa ndiyo lugha ya vitabu vyao. Lakini mhudumu wa afya ya jamii na mgonjwa huhitaji kuona figo, bandama, kongosho na kibofu. Mwalimu anaweza kuanza kwa njia rahisi: kuandaa orodha ya majina ya Kiswahili ya somo moja, kukubaliana na wenzake juu ya kila jina, na kuliandika juu ya picha zilizohifadhiwa. Pale ambapo neno moja hubeba maana nyingi, kama mshipa, orodha iseme wazi ni mshipa gani.

Maswali ya kujipima

1. Neva ya siatiki hupita kati ya alama zipi mbili za mifupa inaposhuka kuelekea pajani?

2. Kwa nini kanuni ya robo ya juu ya nje ya tako huweza kumpotosha mtu anayeifuata neno kwa neno?

3. Taja mambo mawili ambayo programu ya anatomia haiwezi kuyafundisha, na mahali ambapo mwanafunzi atayapata.

4. Mgonjwa anasikia maumivu kama ya umeme wakati wa kuchomwa. Mtoa huduma afanye nini kwanza?

5. Bila kufungua programu, papasa mwilini mwako alama tatu zinazotumika kutafuta eneo la sindano la ubavu wa nyonga.

Hitimisho

Programu shirikishi huufungua mwili bila kuuharibu, huurudisha ukiwa mzima, na humwezesha mwanafunzi kukosea mahali ambapo kosa halimuumizi mtu. Thamani yake hutegemea mambo mawili: mwanafunzi atende kabla ya kuonyeshwa, na somo limalizikie kwenye mwili hai, siyo kwenye skrini. Muuguzi aliyefundishwa hivyo, anapomlaza mgonjwa kwa ubavu na kuitafuta nundu ya fupapaja kwa kiganja chake, huona chini ya ngozi kile ambacho macho hayakioni, na huijua njia ya neva kabla ya kufungua sindano.